Maswali ya Wasomaji: Povu Lililoyeyushwa na Rezini

SWALI: Ndugu Fundi, mimi ni mkazi wa Igombe, hapa Mwanza. Nimetengeneza ubao wa kusimama na kupiga kafi ziwani kwa kugundisha mabamba ya povu jeupe, la aina ile ile ya maboksi ya kusafirishia minofu ya sangara. Una urefu wa mita 3, upana wa sentimita 75 na unene wa sentimita 12. Nikisimama juu yake hupinda katikati, na visigino vyangu vimeshaacha mabonde. Rafiki yangu anayeziba boti za faiba alinipa rezini, yaani majimaji ya kunata yanayokauka na kuwa magumu, na mkeka wa faiba. Nilipoijaribu rezini hiyo kwenye kipande cha povu, ilikitoboa kabla sijamaliza kupaka. Je, ilikuwa imeharibika? Na nikipata iliyo nzima, tabaka moja litatosha?

JIBU: Rezini haikuwa mbovu, na umefanya vyema kuijaribu kwenye kipande badala ya ubao wenyewe. Mafundi wengi wa boti hutumia rezini ya poliesta, ambayo imeyeyushwa ndani ya staireni; na povu lako ni polistaireni, kwa hiyo majimaji hayo huliyeyusha kama maji yanavyoyeyusha sukari. Thina na gundi nyingi za kubandikia viatu hulila vilevile. Unachohitaji ni rezini ya epoksi, ambayo haina staireni. Wapo wanaoshauri kupaka kwanza rangi ya maji au gundi ya mbao ili kulikinga povu, kisha kutumia poliesta kwa kuwa bei yake ni nafuu zaidi. Mimi sishauri, kwa sababu tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kupitisha staireni, nawe hutalitambua shimo lililo chini ya faiba mpaka siku utakapolikanyaga.

Mkeka nao urudishe. Nyuzi zake fupi kwa kawaida hushikamanishwa na gundi iliyokusudiwa kuyeyuka ndani ya staireni, hivyo ukiulowesha kwa epoksi hubaki mgumu, hauzunguki kwenye kingo, na hunywa rezini nyingi bure. Tafuta kitambaa cha faiba kilichofumwa, chenye uzito wa takriban gramu 200 kwa mita ya mraba.

Kuhusu idadi ya tabaka, ni vizuri uelewe kwanza nguvu inatoka wapi. Povu kazi yake ni kuzitenganisha ngozi mbili za faiba na kuzizuia zisiteleze, moja huku na nyingine kule. Mzigo wenyewe hubebwa na ngozi. Unaposimama katikati, ngozi ya chini huvutwa na ya juu hubanwa. Kadiri zinavyokaa mbali ndivyo ubao unavyokuwa mgumu kupinda, kiasi kwamba umbali ukiongezeka mara mbili ugumu huongezeka karibu mara nne. Sentimita zako 12 kwa hiyo ni hazina, usizipunguze kwa kupiga msasa ovyo. Faiba huvumilia sana kuvutwa, lakini ngozi nyembamba iliyolala juu ya povu laini hujikunja inapobanwa, na juu ndiko visigino vinakogonga. Weka tabaka moja chini na mawili juu, pamoja na kiraka cha ziada pale unaposimama.

Anza na upande wa chini, ukizungushia kitambaa kwenye kingo kwa sentimita 5 hivi, kisha geuza ufanye wa juu ili matabaka yapandane kingoni. Kingo ziwe za mviringo, kwa maana kitambaa hakikubali kona kali. Kabla ya hapo, ziba vishimo vya povu kwa epoksi iliyokorogwa na unga mwepesi wa kujazia, la sivyo povu litainywa rezini na kukuongezea uzito. Mwaga rezini katikati, uisambaze kwa kadi ya plastiki na kuikamua iliyozidi mpaka nyuzi zionekane na kitambaa kisiwe na mng'ao wa dimbwi. Uzito wa rezini ndani ya kitambaa ukaribiane na uzito wa kitambaa chenyewe. Kwa ubao wako, pamoja na kuziba na koti la mwisho, andaa takriban kilo 3.

Fanya kazi hiyo kivulini alasiri, joto linapoanza kushuka. Ukianza asubuhi, hewa iliyomo ndani ya povu hutanuka kadiri jua linavyopanda na kusukuma mapovu chini ya kitambaa. Alasiri hewa hiyo inapopoa huivuta rezini ndani badala ya kuisukuma. Ila usichelewe hadi kuwasha taa: wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi watakuja wote kunasa kwenye ubao wako.

Vaa glavu muda wote, kwa kuwa ngozi ya mtu inaweza kupata mzio wa epoksi na kuikataa maisha yote, na vaa barakoa unapopiga msasa. Epoksi huharibiwa na jua, kwa hiyo malizia kwa rangi, nayo iwe nyeupe, maana rangi nyeusi hukusanya joto na povu hili hulainika likipata joto kali.

SWALI: Nilipaka epoksi siku tatu zilizopita na bado inanata. Je, niongeze kigumishi, yaani yale majimaji ya kopo la pili yanayochanganywa na rezini ili ikauke, juu yake? (Msomaji, Nansio, Ukerewe)

JIBU: Usiongeze. Katika poliesta, matone ya kigumishi huharakisha tu kazi, ndiyo maana watu wamezoea kukadiria kwa macho. Katika epoksi kigumishi ni nusu ya ndoa: kikizidi au kikipungua, kinachobaki bila mwenzake hukaa hivyo hivyo kikinata. Kama ni utando mwembamba kama nta juu ya sehemu iliyokwisha kukauka, uoshe kwa maji na kitambaa kabla ya msasa. Kama ni laini hadi chini, ikwangue yote, kisha pima upya kwa mizani ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na ukoroge dakika tatu nzima huku ukikwangua pembeni na chini ya chombo.