Mpaka Ijumaa ama mwisho Ijumaa? Tuongee kuhusu "by" na "until"

Kama kazi yako inakulazimu kuandika imeli za Kizungu, iwe ni kutoa mizigo hapa Kilindini, iwe ni hoteli kule Nyali ama saiba ya kujazia watu mafomu, kuna maneno mawili yanakula pesa za watu kimyakimya kushinda yale maneno magumu. Si demareji (ile faini ya kuchelewesha kontena) wala nini, hayo mtu akiyakuta anaogopa na anauliza. Ni "by" na "until". Vijineno vidogo hivi, kila mtu anadhani anavijua tangu darasa la nne, na ndio maana hakuna anayeuliza.

Mimi niko ofisi ya kliaringi, yaani ya kuwatolea watu mizigo bandarini, na moja ya kazi zangu ni kupitia imeli za vijana kabla hazijatoka kwenda kwa makampuni ya meli na kwa wenye mizigo. Makosa mengine ya grama naacha yapite, mtu akiandika "the goods is ready" mwenye mzigo ataelewa tu na mzigo utatoka. Lakini nikiona until imekaa pahali pa by naisimamisha imeli hapohapo, sijali bosi anasubiri ama vipi.

Kuna kijana wetu alimwandikia mteja wa Uingereza hivi: "Please send us the original documents until Thursday." Kichwani mwake ilikuwa sawa kabisa, tutumie karatasi orijino mpaka Alhamisi. Yule mteja akajibu kwa zile adabu zao, akauliza kwani karatasi ziko ngapi na hiyo Alhamisi kutakuwa na nini, manake alichosoma yeye ni kwamba atume, na atume tena, aendelee kutuma kila siku, alafu Alhamisi ikifika aache. Kijana akanijia juu juu, "Bro, huyu mzungu anatuchezea?" Hatuchezei bana, anasoma kile tulichomwandikia. Na wakati wanaulizana hivo kwa imeli kontena limekaa bandarini, na bandari haina habari na grama yako, siku za bure zikiisha storeji, yaani malipo ya kuhifadhi mzigo, inaanza kuhesabu.

Sasa shida inatoka wapi? Inatoka kwa neno letu mpaka, ama hadi kwa wale wa magazeti. Neno hili linakuonyesha tu mstari uko wapi, halisemi kabla ya mstari unafanya nini. Hebu chukua barabara ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga. Until ni mtu amekwambia endesha njia nzima usisimame, ukifika mpakani ndo uzime injini. By ni mtu amekwambia mshushe abiria popote utakapo, Ukunda sawa, Msambweni sawa, hata palepale getini sawa, ila usivuke nae. Mpaka ni uleule mmoja lakini safari ni mbili tofauti kabisa, na Mzungu anataka umwambie ni ipi.

Kwa hivyo usiangalie tarehe, angalia kitendo. Kitendo kinachoendelea, yaani kusubiri, kukaa, kulala, kufanya kazi, kuwa wazi, kuwa umefungwa, hicho kinaenda na until. Kitendo cha kufanywa kikaisha, yaani kulipa, kutuma, kumaliza, kurudisha, kufika, hicho ni by. "We will wait until four." "We will arrive by four." Ukibadilisha hapo umeharibu.

Kama ukiwa mbiombio huwezi kukaa kuchambua vitendo, tumia njia ninayowaonyesha vijana, haina Kizungu ndani yake. Chukua sentensi yako kwa Kiswahili, ujaribu kutia "muda wote" kabla ya mpaka. Tutakuwa ofisini muda wote mpaka saa kumi, imekaa vizuri, basi andika until. Lipa kodi muda wote mpaka tarehe 5, hapo hata wewe mwenyewe unacheka. Sasa toa mpaka utie "mwisho". Lipa kodi, mwisho tarehe 5. Imekaa, basi hiyo ni by. Ukiisikiliza vizuri utaona Kiswahili chetu kina njia tele za kusema by, tuna mwisho, tuna kufikia, tuna ifikapo, tuna isizidi, ni vile tu tumezoea kumtwika mpaka mzigo wote.

Na sio sisi peke yetu. Wajerumani wanaokuja hoteli za huku Pwani wana neno moja, "bis", linafanya kazi zote mbili, na wakizungumza Kizungu wanateleza palepale tunapoteleza sisi. Wataliano wa Malindi ndio wametenganisha, wana "entro" ya by na "fino a" ya until, kwa hivyo wao hapa hawasumbuki. Kwa hivyo mtu akikucheka mwambie akawacheke na Wajerumani.

Alafu kuna pahali ambapo maneno haya si kwamba yanatofautiana kidogo, yanapinduana kabisa. Niliona duka moja kule Marikiti wakati wa Idd, mwenyewe ameandika kwa maka pen, "CLOSED BY MONDAY". Alitaka kusema tumefunga mpaka Jumatatu, Jumatatu mtatukuta. Lakini kwa anayesoma Kizungu, hilo ni tangazo la mtu anayefunga biashara, kwamba ikifika Jumatatu duka hili litakuwa limeshafungwa. Angetia until watu wangerudi Jumatatu na vikapu vyao. Neno moja tu, moja linasema ntarudi, lingine linasema kwaheri ya kutoonana tena.

Sasa kuna mtego mmoja unawachanganya hata wale wanaojiona wameelewa. Utapata barua imeandikwa "You have until Friday to pay." Kijana ataniuliza, si ulisema kulipa ni by, mbona hapa wametia until? Ni kwa sababu kitendo hapo si kulipa, ni "have", una nafasi, na nafasi ndio inayoendelea kuwepo mpaka Ijumaa. "Pay by Friday" na "you have until Friday to pay" zinafika pahali pamoja kwa njia mbili. Wenye nyumba wanapenda sana kuchanganya hizi kwenye barua za notisi, "you may stay until the 30th", chini yake "vacate by the 30th", na mpangaji anadhani amepewa tarehe mbili. Ni tarehe moja. Kukaa kunaendelea, kutoka kunafanywa mara moja.

Barua za serikali karibu zote ni by hata kama neno lenyewe hulioni. Ritani za KRA, wale watu wa kodi, za mtu binafsi ni mwisho tarehe 30 Juni kila mwaka, na hapo watu wanasoma kana kwamba Juni 30 ndio siku yenyewe ya kwenda, ndo unaona saiba zimejaa jioni ile mtandao unazunguka tu. By maana yake ungeweza kufanya hata Januari. Ukichelewa faini ni shilingi 2,000 ama asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa, kwa kitu ambacho ulikuwa na nusu mwaka kukifanya. PAYE, kodi inayokatwa kwa mishahara ya wafanyakazi, ni kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20, nazo zote ni by.

Je, by Friday, Ijumaa yenyewe imo? Imo. Ukiambiwa "by Friday" ukapeleka Ijumaa asubuhi hujachelewa. "Before Friday" ndio inaishia Alhamisi. Lakini Ijumaa saa ngapi, hapo ndo wazungu wenyewe wanagombana, manake mwingine anamaanisha ofisi ikifungwa na mwingine anamaanisha usiku wa manane. Mimi naandika saa, daima. "By 4 pm on Friday 14th." Haina utamu lakini hakuna atakayenipigia simu kuuliza.

Na huku kwetu saa na siku zina mambo yake. Ukimtumia dereva meseji "be at the gate by 2" anaweza kuisoma saa mbili, akafika asubuhi na mapema akakaa juani, ama saa mbili usiku kwenda kukuta geti limefungwa. Mwambie saa nane mchana. Kibaya zaidi ni usiku. Kizungu wakisema "Friday night" ni Ijumaa baada ya jua kutua. Sasa mtafsirie mzee wa Mji wa Kale kwamba gari lisubiri mpaka usiku wa Ijumaa. Kwa hesabu yake yeye usiku unatangulia mchana, usiku wa Ijumaa ni ile Alhamisi ikishaadhiniwa magharibi, na hakosei hata kidogo, ndivyo Waswahili tulivyohesabu siku zote. Ataliondoa gari Alhamisi usiku na wewe uko nyumbani umetulia unajua liko mpaka kesho. Sema Ijumaa jioni, ama usiku wa kuamkia Jumamosi, na utaje tarehe.

Ile ya kukanusha isikusumbue, "the office will not open until Monday", hiyo inaenda sawasawa na yetu, ofisi haifunguliwi mpaka Jumatatu. Andika kama unavyosema.

Kitu cha mwisho ni tahajia, manake hii naiona hata kwa mameneja. Until ina L moja, till ina mbili. Na till si kifupi cha until kama wengi wanavyodhani, ni neno lenyewe tena ndio la zamani zaidi, kwa hivyo hakuna haja ya kuiwekea kialama mbele kama imekatwa. Kwenye imeli ya kazi mimi huandika until tu, kwa sababu hapa kwetu ukimwandikia mteja "till 5" kwenye mambo ya malipo, huyo atakuuliza namba zingine za till ziko wapi alipe na M-Pesa.