Maswali na Majibu: Wanawake wa Gongo na Barafu

Binti yangu aliona kwenye televisheni wanawake wakicheza hoki juu ya barafu. Waliingia lini Olimpiki? (Msomaji, Chumbageni)

Mwaka 1998 mjini Nagano, Japani, ambako Marekani iliifunga Kanada 3–1 katika fainali. Wanaume walikuwa wameanza tangu 1920.

Je, mwanamke anaweza kuishi kwa mchezo huo pekee? (Msomaji, Ngamiani)

Kwa miaka mingi haikuwezekana, na jambo hili halionekani pale medali zinapovishwa shingoni. Hayley Wickenheiser wa Kanada aliitwa timu ya taifa akiwa na umri wa miaka 15, akapata medali ya fedha Nagano, kisha za dhahabu nne mfululizo kuanzia 2002 hadi 2014, na katikati ya hayo, mwaka 2000, akaiwakilisha nchi yake kwenye softiboli mjini Sydney. Mwaka 2003 alijiunga na klabu ya wanaume ya Kirkkonummi Salamat nchini Finland, akawa mwanamke wa kwanza kufunga bao katika hoki ya kulipwa ya wanaume. Alistaafu 2017, na mwaka 2021 akahitimu udaktari wa binadamu. Nami nakiri kwamba shahada hiyo hunishangaza kuliko mabao yake. Mwaka huohuo aliostaafu, wachezaji wa Marekani walitishia kususia mashindano ya dunia kwa sababu ya malipo duni, nayo ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL, iliyoanza na timu sita za Kanada na Marekani, haikupatikana hadi Januari 2024.

Hawaumizani? (Msomaji, Pongwe)

Huumia, ingawa kanuni za kimataifa za wanawake zimebana sana kupigana vikumbo na kila mchezaji hufunika uso wote. Wanachokigombea si mpira bali kisahani kigumu cha raba chenye upana wa sentimita 7.6, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde.

Sisi wa Tanga barafu tunaijua kwenye masanduku ya samaki. Binti aanzie wapi? (Msomaji, Sahare)

Aanze na mpira wa magongo wa kawaida, kwani jicho na mkono hujengeka humo, na akipata viatu vya magurudumu ajifunze kuteleza, kugeuka na kusimama ghafla kwenye sakafu laini ya saruji. Wakenya wa Ice Lions, timu ya hoki ya barafu, walijifunzia kwenye uwanja mdogo wa barafu ulio ndani ya hoteli jijini Nairobi, kwa hiyo safari ya kwanza ya barafuni si lazima iwe ya ndege. Mnunulie kwanza kofia ngumu na kinga za magoti, viatu vifuate.