Kengele ipo gerejini, lakini mafundi hawaigongi

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nina gereji Sakina, Arusha, yenye mafundi na wasaidizi 14. Kazi yetu kubwa ni magari ya utalii: tunarefusha Land Cruiser, tunafunga mapaa ya kufunguka, pamoja na sevisi za kawaida. Nilihudhuria semina ya siku moja kuhusu falsafa ya uongozi ya Toyota. Tuliambiwa kwamba kiwandani kwao mfanyakazi yeyote akiona kosa anavuta kamba na kazi yote inasimama. Nikanunua kengele, nikaifunga katikati ya gereji, nikawatangazia vijana kwamba wote wana ruhusa. Miezi mitatu imepita, imegongwa mara mbili tu, na magari yanarudi na makosa yale yale. Mwalimu wa semina ananishauri nimtoze faini ya shilingi 5,000 kila anayepitisha kosa bila kugonga. Unaonaje?

JIBU: Hizo mara mbili ndizo nilizotaka unieleze, na ndizo ulizoziruka. Nani aligonga? Wewe ulipofika ulisema nini?

Nauliza kwa sababu kengele kama yako nimeshaiona kwa wenzako. Moja ilikuwa gereji ya Moshi, imening'inia kwenye nguzo, ina vumbi la grainda hadi ndani ya mdomo. Nikamuuliza msaidizi mmoja, kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA, mbona haigongwi. Kwanza akatupa jicho ofisini. Kisha akaniambia aliwahi kuigonga, siku alipoona ufa mwembamba kama unywele kwenye weldingi ya chasisi, pale walipoirefusha. Bosi akatoka mbio akauliza, "Nani kagonga?" Hakuuliza kuna nini. Fundi mchomeleaji akasemwa mbele ya mteja, na jioni hiyo kijana akarudi kwao Pasua kwa miguu, maana siku zote alikuwa anapanda pikipiki ya huyo huyo fundi. Mkitaka agonge tena, mtangoja sana.

Sasa hiyo kamba. Waliokufundisha wamekupa nusu ya habari, tena nusu rahisi. Kwenye mstari wa kuunganisha magari wa Toyota, mfanyakazi akivuta kamba mstari hausimami hapo hapo. Taa inawaka kwenye ubao, muziki unalia, na kiongozi wa kikundi anafika alipo. Wakilimaliza tatizo kabla gari halijafika mwisho wa kituo chao, kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni pale wanaposhindwa ndipo mstari unasimama. Kwa hiyo kamba ni njia ya kuita mtu, na huyo mtu yupo, analipwa kwa ajili ya kuitika, anasimamia watu wachache kiasi cha kuwafikia kwa hatua kadhaa. Vikundi vyao ni vya watu watano au sita hivi.

Kwako, fundi akigonga, nani anakuja? Naijua ratiba ya gereji za Arusha. Fomeni yuko chini ya gari lake mwenyewe, au amekwenda mtaa wa Unga Limited kutafuta beringi, na wewe uko kwenye simu na mwenye kampuni anayelilia gari lake litoke kabla ya Juni. Kengele inalia, watu wanageuka kutazama, mgongaji anasimama pale kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Baada ya dakika kumi anarudi kufunga nati zake. Mimi nisingegonga mara ya pili.

Dawa yake ina gharama, ndiyo maana haiuziki kwenye semina. Chukua mafundi wako wawili wazuri, waondoe kwenye kazi ya kupangiwa gari, kila mmoja mpe watu sita. Kazi yao iwe kuitika, kusaidia, kukagua, kufundisha. Utaniambia hao ndio mikono yako mikubwa na msimu wa masika magari yamejaa hadi barabarani. Najua. Piga hesabu ya gari lililorudi kutoka Seronera, kule Serengeti, likiwa limebebwa, na dereva aliyelala porini na wageni, halafu uniambie kipi ni ghali.

Na unapofika kwenye kengele, swali la kwanza liwe "kuna nini?" Mshukuru aliyekuita, hata kama alichoona si kosa. Hasa kama si kosa.

Kuhusu faini, usithubutu. Kwanza sheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuachii ukate mshahara wa mtu kwa tangazo la ukutani. Hata pale mfanyakazi amesababisha hasara kweli, lazima iwe kwa kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake. Pili, fikiria kwa akili ya fundi. Akikata bolti ya silinda hedi leo, ana njia mbili: akuambie akatwe, au aipachike gundi ya chuma na kusubiri gari lifike Makuyuni, njiani kwenda mbugani. Ukishaweka faini umemchagulia ya pili.

Jambo linalonichosha kuliko yote ni sentensi ambayo hukuiandika lakini naisikia nyuma ya barua yako, kwa sababu naisikia kila wiki: "Wajapani wana nidhamu, hawa wetu ni wavivu." Mwaka 1982 General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, walifunga kiwanda chao cha Fremont, California. Kilikuwa na sifa mbaya: utoro, ulevi kazini, migomo, magari mabovu. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kile kile. Hakukuwa na Wajapani kwenye mstari zaidi ya wakufunzi. Baada ya muda mfupi magari yao yakakaribia ubora wa yale yaliyotengenezwa Japani. Mauzo yaliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1980, hawakupunguza watu. Waliwapeleka mafunzoni na kuwapa kazi za kurekebisha kiwanda. Wewe ulimfanya nini deiwaka wako kazi zilipopungua?

General Motors, wabia kabisa, waliojionea kila kitu kwa macho yao, walipojaribu kuyahamishia mambo hayo kwenye kiwanda chao kingine cha Van Nuys yaliwashinda. Kamba zilifungwa. Wasimamizi hawakubadilika.

Kuna kisa kingine ambacho sijawahi kukisikia kwenye semina hata moja. Mwaka 1950 Toyota ilikaribia kufilisika, wafanyakazi wakagoma, na kampuni ikapunguza watu zaidi ya 1,600. Kiichiro Toyoda, mwanzilishi wa kampuni ya magari, akajiuzulu urais wake. Ukitaka somo la uongozi, anzia hapo, lakini usitegemee kuliona kwenye slaidi, kwa sababu anayelipia semina ni bosi.

Siwatukani wote. Wizara ya Viwanda na Biashara na JICA, shirika la misaada la Japani, wamefundisha kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, viwandani hapa nchini kwa miaka, watu wanaofika hadi sakafuni na kurudi tena. Mnayafahamu pia yale mabango ya hospitali za serikali: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Yana maana yakiwa na mtu wa kuyashikilia. Ninaowasema mimi ni hawa wa ukumbi wa hoteli, wenye maiki ya shavuni, wanaokuuzia Toyota asubuhi na Apple mchana, cheti saa kumi, na ambao hawajawahi kupata grisi kwenye kucha. Hao watakuambia pia kwamba Toyota haikosei. Februari 2010 Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, aliketi mbele ya Bunge la Marekani kuomba radhi kwa mamilioni ya magari yaliyorudishwa, akakiri kwamba huenda kampuni ilikua kwa kasi kupita kiasi.

Mwalimu wako akikualika awamu ya pili, muulize swali moja kabla hujalipa: fundi akigonga, nani anakwenda, na anafika ndani ya muda gani? Akianza kutafuta slaidi, kunywa chai yako urudi Sakina.