Ukizidiwa na kazi, mpelekee bosi saa, si malalamiko

Aliyezidiwa na kazi huenda kwa bosi na neno moja: nimechoka. Halimsaidii, kwa sababu ofisini kila mtu amechoka, na jibu liko tayari: vumilia kidogo, kipindi hiki kikipita tutapumua. Hakipiti. Kinachomsogeza meneja ni hesabu inayomlazimisha yeye mwenyewe achague.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili mfululizo andika saa uliyoanza, saa uliyomaliza na kila kazi ilikula muda gani, kwa vipande vya nusu saa. Kazi zilizoingia kwa simu baada ya saa za kazi zitie alama, pamoja na jina la aliyezituma. Jaza siku hiyohiyo. Ukingoja Ijumaa utakuwa unakisia, na rekodi ikikutwa na kosa moja, yote haiaminiki tena. Isikae kwenye kompyuta ya kampuni peke yake, maana ukifungiwa akaunti nayo imekwenda. Ila usihamishie nyaraka za wateja kwenye simu yako. Hapo utakuwa umewapa sababu ya kukufukuza.

Kisha jumlisha. Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Makadirio ambayo shirika hilo na Shirika la Afya Duniani walitoa mwaka 2021 yanaonyesha kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Daftari likisema 57, usikubali kuambiwa tatizo ni wewe hujui kupanga muda.

Sasa mwandikie meneja, kwa ufupi:

"Wiki hii nina ripoti ya mauzo, saa 14, mafunzo ya waajiriwa wapya, saa 12, ukaguzi wa ankara, saa 20. Jumla ni 46, nami nina 40. Naomba uelekeze ipi isogezwe. Nisipopata maelekezo kufikia Jumatano mchana, nitasogeza ukaguzi wa ankara."

Nguvu iko kwenye sentensi ya mwisho. Meneja mbovu hupenda kukaa kimya ili mambo yakiharibika lawama ikuangukie wewe. Kwa sentensi hiyo, kimya chake kinakuwa jibu. Akikukuta kwenye korido akasema "fanya zote tu", rudi mezani uandike: "Kama tulivyozungumza asubuhi, zote tatu zikamilike Ijumaa. Nitahitaji saa 6 za ziada, naomba uziidhinishe." Wengi huona aibu kuandika hivyo, na ndipo ovataimu yao inapopotelea.

Kosa kubwa zaidi ni kumalizia usiku kimyakimya. Kazi zikitoka kwa wakati, juu wanaona watu wanatosha. Nafasi ya mwenzako aliyeacha kazi haijazwi kwa kuwa unaijaza wewe, bure. Afadhali kitu kimoja kichelewe, ukiwa umetoa taarifa mapema, mradi kisihatarishe usalama wa mtu.

Ukifika idara ya rasilimali watu, kumbuka wanalipwa na kampuni. Nenda na mkataba wako, daftari na ombi moja linalojibika, kwa maandishi.

Na kama umeamua kuondoka, kabla ya kugusa barua ya kujiuzulu soma kifungu cha notisi, hesabu siku za likizo zilizobaki, na dai ovataimu ungali ndani. Hifadhi pia nakala za tathmini zako nzuri za nyuma. Uchovu wa muda mrefu hushusha ufanisi, na bosi aliyekuchosha anaweza kuugeuza huo ufanisi ulioshuka kuwa ushahidi dhidi yako.