Mkia Unaokimbilia Maji

SWALI: Nimesoma kwamba mafuta ya utando wa seli huchacha yakishambuliwa na oksijeni, na kwamba ninyi mnalitazama jambo hilo ndani ya kompyuta. Je, kompyuta huyachachisha yenyewe, au mnailisha jibu mnalolitaka?

JIBU: Anayechachisha ni mimi, kwa mkono. Programu ninayotumia huchukulia viungo vya atomu kama springi zisizokatika, kwa hiyo oksijeni haiwezi kumega molekuli mbele ya macho yangu. Nafungua faili la utando wa lipidi 128, yaani molekuli za mafuta zenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili, 64 kila upande, nachagua kadhaa, nakata mkia mmoja kwenye kaboni ya 9, palipokuwa na kiungo maradufu, kisha nabandika aldehaidi, yaani kikundi kidogo cha atomu chenye oksijeni. Kazi yangu inaishia hapo. Mkia uende wapi, siuambii.

Kompyuta hukokotoa nguvu zinazovuta na kusukuma kila atomu, huisogeza chembe, hukokotoa tena. Hatua moja ni femtosekunde 2, na femtosekunde milioni moja ndizo nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde; hivyo nanosekunde moja inahitaji hatua nusu milioni. Uvumilivu unatakiwa.

Mikia ya lipidi haipatani na maji; hujificha katikati ya utando. Ila huu niliouharibu umebeba oksijeni, na oksijeni hupenda maji. Basi unauona ukijikunja, ukipanda taratibu hadi penye vichwa. Ukiwa na asidi nchani badala ya aldehaidi, hujitokeza nje kabisa, majini. Mkia uliojikunja unadai nafasi: lipidi zinasukumana kando, utando unakuwa mwembamba, maji yanapenya kirahisi. Aldehaidi zikizidi sana, tundu hufunguka.

Tundu langu la kwanza lilinifurahisha mpaka nikamwita mwenzangu aje aone. Akaniuliza tu, "Shinikizo umeliwekaje?" Kumbe nilikosea alama ya kutoa, utando ulikuwa unavutwa pande zote kama ngozi ya ngoma. Hata utando wa lipidi zisizochacha ungetoboka!

Kwa hiyo wasiwasi wako, ndugu msomaji, una msingi. Siku hizi naanza na utando usiochacha, wenye mipangilio ileile. Kwa lipidi iitwayo POPC, eneo la kila molekuli katika nyuzi 30 za Selsiasi lazima litoke karibu na nanomita za mraba 0.64, kama vipimo vya maabara vinavyoonyesha. Lisipotoka hivyo, zilizochacha sizigusi.