Urari umelingana. Je, nifunge hesabu?

Swali: Najifunza uhasibu huku nikitunza vitabu vya biashara ndogo. Mwisho wa mwezi urari (orodha ya salio za akaunti zote, debiti upande wa kushoto na krediti upande wa kulia) ulipishana kwa 270, nikasahihisha, ukalingana. Je, nifunge hesabu? Na kama kulingana kunatosha, mhasibu anamzidi nini mtunza vitabu?

Jibu: Usifunge bado. Urari unathibitisha jambo moja tu, kwamba jumla ya debiti ni sawa na jumla ya krediti. Ankara iliyosahaulika kabisa haionekani humo, kwa sababu haikuingia upande wowote.

Hiyo 270 inagawanyika kwa 9 bila baki, dalili ya kawaida ya tarakimu kubadilishana nafasi: 630 imeandikwa 360 upande mmoja. Kiasi kikiingizwa upande usio wake, tofauti huwa mara mbili yake, kwa hiyo ungetafuta pia 135. Kama uliupata muamala wenyewe, vizuri. Kama ulipachika 270 ili pande zilingane, rudi ukatafute, maana huenda chini yake kuna makosa mawili.

Kosa la hatari zaidi haligusi urari hata kidogo. Chukua mashine ya 1,200,000 iliyonunuliwa mwanzoni mwa mwaka, ikaandikwa kwenye gharama za matengenezo. Debiti ipo, krediti ipo, urari umetulia. Lakini kama itatumika miaka 5 kwa uchakavu (sehemu ya bei inayohesabiwa kuwa gharama) wa kiasi sawa kila mwaka, na mwishoni haitakuwa na thamani, gharama ya mwaka huu ilipaswa kuwa 240,000 tu. Faida imepungua kwa 960,000, na mali hiyo haipo kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya biashara. Hapo ndipo mhasibu anapomzidi mtunza vitabu: anaamua hii ni mali au gharama, itadumu muda gani, deni gani halitalipika, kisha anaweka saini akijua kuna watu watakaokopesha au kutoza kodi kwa kuzitegemea namba zake.

Kabla ya kufunga, linganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, mstari kwa mstari. Makato ya benki ndiyo husahaulika mara nyingi. Jumla ya salio la kila mdaiwa ilingane na akaunti ya wadaiwa kwenye leja kuu, kitabu chenye akaunti zote za biashara. Hesabu bidhaa kwa mkono. Halafu pitia ankara za wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata: umeme uliotumika mwezi huu ni gharama ya mwezi huu, hata kama bili imefika baadaye.