Uloto umeshika, lakini bibi asubiri kwanza

Siku tuliyorudi Masasi kutoka Dodoma, mama mkwe alitupokea uani na beseni la mabibo. "Mume wangu karudi!" akamwita mjukuu wake, mikono wazi. Nikaingia katikati. Alininunia wiki nzima.

Mwanangu alizaliwa na sikoseli, akapandikizwa uloto wa kaka yake, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Vipimo vilipoonyesha seli nyeupe za damu, zile za kinga, zimepanda, nikadhani tumemaliza. Wazazi wenzangu mnaosubiri zamu, namba hiyo isiwadanganye. Mkorosho ukitoa majani hauna korosho bado. Seli zinazomeza bakteria hurudi mapema, kama wiki 2 hadi 4. Lakini seli T, zinazopambana na virusi na kuziongoza nyingine, hupita kwanza kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, zikafundwe huko. Hapo ni miezi 6, mwaka, hata zaidi. Na dawa anazomeza ili mwili na uloto mpya visigombane huzidi kuzilegeza.

Kwa hiyo mabibo nilimnyima, hayamenyeki. Ming'oko iliyochemshwa nyumbani, ikiwa bado ya moto, ruksa. Msimu wa kupuliza mikorosho salfa, ile dawa ya unga, ulipofika, alihamia kwa shangazi yake mjini.

Kilichonitoa jasho ni chanjo. Dawa kali za kabla ya upandikizaji hufuta kinga ya chanjo za utotoni, kwa hiyo mtoto huanza upya, daktari wake akipanga tarehe. Kituo kimoja cha afya walitaka kumchoma ya surua palepale, eti kadi ina nafasi. Chanjo hiyo ina virusi hai; husubiri angalau miaka 2, na dawa za kushusha kinga ziwe zimeachwa. Nikatoa barua ya daktari. Nesi akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Mama, uloto ndiyo nini?" Toeni kopi, moja ikae kwenye pochi daima.

Na kipimajoto kilale karibu na kitanda. Usiku mmoja kilisoma 38.2, nami panadol tayari mkononi. Nikairudisha koponi, maana ingeshusha joto na kuuacha ugonjwa ukiendelea kimyakimya. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa wodini, antibaotiki zinaingia kwenye mshipa.

Bibi siku hizi ndiye mwenye ndoo na sabuni mlangoni. Juzi kamrudisha shemeji yangu kwa kupiga chafya tu.